Sentensi Niliyoiandika Kabla ya Kikao

Wiki iliyopita nilikuwa naanika usipa wangu, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, hapa Mbaha, na vijana walikuwa wamekusanyika kwenye kibanda cha kuchajia simu wakibishana. Habari ilitoka kwenye simu hizo hizo: katika nchi moja jirani, wabunge walikuwa wanataka kumshtaki rais wao na kumwondoa madarakani. Kijana mmoja alisema haiwezekani watu wachache wamwondoe mtu aliyechaguliwa na nchi nzima. Mwenzake akasema hao wachache nao walichaguliwa, kwa hiyo wakimchoka wana haki ya kumfukuza hata kesho asubuhi kabla ya chai. Wakapandishiana sauti. Mwishowe Yohana, mjukuu wa dada yangu, akanigeukia.

"Shikamoo bibi. Wewe umekaa na waheshimiwa maisha yako yote. Hebu waambie hawa."

Nikaitikia marahaba, nikamwambia ageuze usipa kwanza, maana upande wa juu ulikuwa umeshakauka. Akageuza. Nikaanza kujibu, nikaona jibu langu litakuwa refu kuliko chaji ya simu zao, nikawaambia wanipe siku chache niwaandikie. Nimeandika maneno ya watu wengine kwa zaidi ya miaka thelathini. Haya sasa ni ya kwangu.

Nianze na jibu lenyewe, nisije nikafanya kama wale madiwani wangu waliokuwa wanazunguka mlima mzima ndipo wafike kwenye hoja. Ndiyo, wabunge wawe na uwezo wa kumwondoa rais, na akistahili wamwondoe bila kutetemeka. Ila wapite njia yote, wasikate kona hata moja. Hilo la pili ndilo watu hulipuuza, na mimi nililipuuza kabla yenu. Mtu mmoja aliwahi kutolewa kwenye kiti chake kwa sentensi niliyoitunga mimi, nikiwa peke yangu ofisini, kabla kikao hakijaanza.

Nilikuwa mwandishi wa vikao vya baraza la madiwani. Nimefanya kazi katika halmashauri zaidi ya moja katika mkoa wetu, na hii ninayoisimulia sitaitaja. Majina nayo nimeyabadilisha. Wenye kujijua watajijua, na wakitaka kuja kunigombeza njia ya Mbaha wanaifahamu.

Niliingia kazini nikiwa mpiga chapa mwenye hatimkato. Ninyi hamjui hatimkato. Ni maandishi ya alama fupi fupi, mkunjo mmoja ni neno zima, na mwenye mkono mwepesi anaandika kwa kasi ile ile ya anayesema. Mtu mwingine akifungua daftari lako anaona mikwaruzo ya kuku. Wa kuisoma ni wewe mwenyewe, na hata wewe ukichelewa wiki mbili unaanza kujiuliza ulimaanisha nini. Siku hizi mnaweka simu mezani inarekodi, na mnadhani kazi imekwisha. Subirini mvua ya Mbinga ipige kwenye bati mheshimiwa akiwa katikati ya hoja, ndipo mtajua kwamba simu husikia mvua na binadamu husikia mtu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Bosko, karani mkuu, Mmatengo wa milimani, mfupi, mwenye koti moja la miaka yote. Alikuwa na masharti yake. Ingia na penseli mbili zilizochongwa pande zote, maana ya kwanza itavunjika wakati wa jambo zito. Usiandike "wajumbe wote walikubali" kama hukuhesabu mikono. Diwani akitoka kwenda msalani, andika ametoka, kwa sababu kura ikipigwa wakati yuko huko, kesho ataapa kwamba alikuwepo. Usifute. Ukikosea, piga mstari mmoja juu yake, kosa lako lionekane chini ya mstari.

Na kubwa kuliko yote: andika kilichosemwa, usiandike kilichopaswa kusemwa. Hili lilinisumbua mwanzoni, kwa sababu waheshimiwa hawapendi kujiona walivyo. Mmoja alizungumza muda mrefu kuunga mkono hoja, akamalizia kwa kuipinga, na alipoona nimeandika hivyo akasema nimemchafua. Mwingine alikuja ofisini na soda mkononi kuniomba nimwongezee methali mbili kwenye hotuba yake, kwa kuwa siku ya kikao hazikumjia. Nilimrudishia soda yake. Mzee Bosko alipopata habari alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema soda ile ningekunywa, methali ndizo ningemnyima.

Mzee Bosko akastaafu, nikabaki mimi. Bila jicho lake mgongoni nikaanza kujifunza ujanja ambao makarani wengi wanaujua na hakuna anayeusema. Tuliuita kupika muhtasari. Vikao vingi hufanana. Kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa za kata, kufunga. Basi unaandika mapema, unaacha nafasi za majina, na siku ya kikao unajaza tu. Umeme ulikuwa unakatika, mkurugenzi anataka makabrasha kesho yake, mashine moja ya chapa tunaigombania watu wanne. Nilipika muhtasari mmoja, haukunidhuru. Nikapika wa pili na wa tatu. Nikajiona mjanja.

Wakati huo mwenyekiti wa baraza alikuwa Mheshimiwa Otmari. Mrefu, sauti nzito, mchapakazi kweli kweli. Barabara ikikatika alikuwa wa kwanza kufika na jembe. Tatizo lake ni kwamba hakujua kazi yake inaishia wapi. Akiona mwalimu kachelewa, anamhamisha kwa mdomo pale pale, na si kazi yake. Akimkuta bwana shamba anapima kahawa, anamnyang'anya kipimo. Mkurugenzi alikuwa akilalamika chini chini, na wananchi walikuwa wanashangilia, kwa sababu mwanzoni mkono wa aina hiyo huwapiga watu msiowapenda.

Siku moja ukampiga mtu asiye na hatia. Kulikuwa na mkulima, Odo, mwenye shamba la mteremkoni, anagombea mpaka na mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa shemeji yake Otmari. Kesi ilikuwa kwenye baraza la kata, mbele ya wale wazee wanaosuluhisha mambo ya ardhi, na walielekea kumpa haki Odo. Otmari akaja na mgambo. Akawaamuru wazee wainuke, akakalia kiti chao yeye mwenyewe, akaamua kesi kwa shemeji yake, na Odo alipofungua mdomo akawekwa ndani siku mbili. Kisha akafunga mlango wa lile baraza kwa kufuli na ufunguo akaondoka nao.

Madiwani walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Mtu waliyemchagua kuongoza vikao vyao amejifanya mkurugenzi, amejifanya polisi, sasa amejifanya hakimu. Kiongozi wao katika hasira hiyo alikuwa Mheshimiwa Kasiani, mtu wa upande wa Kigonsera, mpole wa maneno, asiyekubali jambo lililopinda. Na Kasiani ndiye aliyekosea, kwa sababu ya wema wake.

Wamatengo wana utaratibu wao wa zamani uitwao sengu. Watu wa ukoo hula pamoja kwa mkubwa wao, na katika kula huko huzungumza mambo yao mpaka wawe na neno moja. Mimi ni Mnyasa, sikuzaliwa nao, lakini nimeishi nao na ninauheshimu. Umetuliza magomvi mengi ambayo huku kwetu ziwani yangefika polisi. Basi Kasiani, asiyependa mwenzake aaibishwe hadharani, akaita madiwani nyumbani kwake na Otmari akaitwa pia. Wakala ugali na maharage, wakasema. Otmari, mbele ya wazee na chakula, akasema kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri husema katika mkao huo: "Wazee wangu, nimekosa." Kwenye sengu neno hilo ni adabu. Ni mlango wa kuingilia kwenye mazungumzo, bado hujaeleza ulichokosa wala usichokosa.

Kesho yake Kasiani akapita ofisini kwangu, uso umetulia.

"Dada Agnesi, safari hii kazi yako imekuwa nyepesi. Mambo ya mwenyekiti yamekwisha. Amekiri mwenyewe, jana, mbele yetu sote. Keshokutwa tunakaa kukamilisha tu."

"Amekiri kabisa, mheshimiwa?"

"Kwa mdomo wake. Hata machozi yalimlenga."

Nikaketi kwenye mashine mchana ule ule. Nikapika muhtasari, na humo ndani nikaandika sentensi hii, ambayo naikumbuka neno kwa neno: "Mwenyekiti alipewa nafasi ya kujieleza, akakiri makosa yake na kuliomba radhi baraza." Nikauweka kwenye faili. Nilikuwa nimeandika kilichopaswa kusemwa, na sikuona hata haya.

Siku ya kikao makamu mwenyekiti alikalia kiti. Hoja ikasomwa. Wengine walikuwa hata hawajaiona kwa maandishi, kwa kuwa waliona hakuna haja, walishakula na kuelewana. Hapo Otmari akasimama. Mkononi alikuwa na karatasi, nyingi, zimeandikwa kwa mkono pande zote mbili. Alikuwa amejiandaa. Makamu akamwangalia kwa upole akasema, "Mheshimiwa, yale tuliyamaliza." Mtu mmoja nyuma akacheka. Makamu akaita kura, mikono ikapanda, yote. Otmari alikuwa bado amesimama. Alizikunja karatasi zake mara mbili, akazitia mfukoni, akatoka.

Mimi penseli yangu ilikuwa imesimama. Kwenye daftari langu la hatimkato sikuwa na neno lake hata moja, na kwenye faili langu alikuwa ameshakiri na kuomba radhi. Ningeweza kuuchana ule ukurasa. Niliona aibu kumsumbua mkurugenzi kwa jambo la sentensi moja, nikampelekea, yeye na makamu wakatia sahihi. Naandika haya kwa uchungu hata leo, vijana wangu, kwa sababu nilijua.

Otmari hakuenda kwa waganga wala kwa magazeti. Alikwenda mahakamani, Songea. Akadai kwamba ameondolewa bila kusikilizwa. Baraza likajibu kwa muhtasari wangu: huu hapa, umesainiwa, alisikilizwa na alikiri. Jaji, mama mmoja wa makamo, akausoma, akauliza nani aliuandika, na kama mwandishi bado ana daftari lake la kikaoni. Nikaitwa.

Kabla sijaenda nilipata wageni wawili. Mkurugenzi aliniita akafunga mlango. "Hatimkato ni yako peke yako," aliniambia. "Ukisema hapa pameandikwa amekiri, nani atabisha? Ukisema vinginevyo, nitakuandikia barua, na barua yangu haitakuwa ya kukupongeza." Kasiani naye alikuja, na yeye ndiye aliyenitesa zaidi, kwa kuwa hakutisha. Alisema, "Dada, yule mtu kweli ana makosa. Unataka arudi kwenye kiti aendelee kukalia viti vya wazee?" Nilikuwa nakubaliana naye kwamba Otmari ana makosa.

Niliogopa. Sikuwa na kazi nyingine ya kushika wala mume wa kumwegemea. Nikapanda gari la kwenda milimani kwa Mzee Bosko, nikamkuta shambani analima ngoro. Kwa ninyi wa ziwani msiopanda kule: Mmatengo hulima mteremko ambao mbuzi mwenyewe anaufikiria mara mbili. Anafyeka majani, anayalaza kwa mistari inayokatana, anachimba katikati na kutupia udongo juu ya yale majani. Mteremko mzima unakuwa mashimo na matuta. Mvua ikija, kila shimo linashika maji yake, na udongo haushuki bondeni.

Nikamweleza yote. Aliendelea kuchimba. Mwishowe akauliza, "Uliandika kabla?"

"Niliandika kabla, mzee."

"Mimi sikukufundisha hivyo."

Akaniita nisimame juu ya tuta moja. Akasema, "Ukilibomoa hilo unalokanyaga kwa kuwa linakuzuia kupita, maji ya shimo la juu yatashukia la chini. La chini litafurika, litabomoa la kwake. Wewe utakuwa umeshapita zamani, na shamba litaenda. Otmari alibomoa tuta la wazee wa kata. Madiwani wamebomoa la Otmari. Sasa wanakutuma wewe ukabomoe la jaji. Kama unataka kwenda kulibomoa, nenda, lakini usipitie kwangu ukirudi."

Hakunipa pole wala chai. Nikashuka nimekasirika, na nilipofika barabarani nilikuwa nimeshaamua.

Mahakamani nilisimama na daftari langu. Jaji akaniambia nisome kuanzia pale mwenyekiti aliposimama. Kasiani alikuwa amekaa benchi la pili, mkurugenzi nyuma yake.

Nikasoma. "Mheshimiwa Otmari amesimama. Ana karatasi mkononi. Makamu: Mheshimiwa, yale tuliyamaliza. Kicheko. Makamu ameita kura. Mikono imepanda. Mheshimiwa Otmari ametoka."

"Pale alipokiri ni wapi?"

"Hapapo, mheshimiwa jaji."

"Muhtasari wako unasema alikiri."

"Muhtasari niliuandika siku mbili kabla ya kikao."

Jaji aliniangalia muda mrefu, na macho yake hayakuwa ya kunisifu. Akaniambia nikae chini. Nikakaa.

Sasa sikilizeni jinsi alivyoamua, kwa sababu hapa ndipo penye somo. Hakusema Otmari hana hatia. Hakusema nani awe mwenyekiti, maana hiyo si kazi ya mahakama. Alisema uamuzi ule ni batili kwa kuwa mtu hakusikilizwa, na akalirudishia baraza kazi yake likaifanye upya. Alishika shimo lake, akaacha la wenzake.

Otmari akarudi kwenye kiti. Mimi nikapata barua yangu, ya onyo, na nikapelekwa masjala kupanga mafaili yenye vumbi. Nilistahili barua ile, ingawa sababu iliyoandikwa mle haikuwa ndiyo niliyostahili. Madiwani walinipita koridoni bila salamu. Wengine walisema Mnyasa amewasaliti, kana kwamba ukweli una kabila.

Lakini hawakukata tamaa, na kwa hilo nawavulia kofia. Wakaandika hoja upya, kila shtaka na siku yake na mashahidi wake, wakaisaini. Otmari akapewa nakala mapema. Kamati ikaenda hadi kijijini kwa Odo, ikawahoji wale wazee wa kata. Kikao kilipopangwa ikaulizwa nani ataandika. Walijaribu kijana mmoja, akaandika ukurasa mmoja kwa saa nzima. Kasiani akasimama akasema, "Aitwe Agnesi. Anatuumiza sote sawasawa." Ndivyo nilivyotoka masjala.

Otmari alizungumza kuanzia asubuhi mpaka wakati wa chakula. Zile karatasi zake zote zilitoka mfukoni. Mengine yalikuwa ya kweli na yaliwaumiza madiwani, kwa mfano kwamba alipokuwa anahamisha walimu kwa mdomo walimpigia makofi. Mengine yalikuwa magumu kumeza. Alisema alifunga baraza la kata kwa sababu wazee wale walikuwa wamelewa pombe asubuhi. Odo akaitwa, akasimama na kofia mkononi, akasema neno moja moja. Wazee nao wakasema. Niliandika yote, na penseli ya kwanza ilivunjika pale pale Mzee Bosko alipotabiri, kwenye jambo zito. Kisha kura ya siri ikapigwa, zikapatikana theluthi mbili na ziada. Kura chache zilikataa, na hizo nazo niliziheshimu kuliko ile mikono yote ya siku ya kwanza.

Otmari alisimama kabla ya kutoka. "Mara ya kwanza mliniondoa mkiwa mmeshiba," alisema. "Leo mmeniondoa mkiwa mmenisikia." Akampa Kasiani mkono.

Basi turudi kibandani, kwa wale wawili waliokuwa wanapandishiana sauti.

Wewe uliyesema rais haguswi kwa kuwa kachaguliwa na wote: Otmari naye alichaguliwa, na Odo alilala ndani. Kura inampa mtu kiti kimoja, haimpi viti vyote vilivyomo nyumbani. Rais akianza kukalia kiti cha hakimu, au akilifunga bunge kufuli na kuondoka na ufunguo, wabunge wakikaa kimya kwa kumwogopa nao wameacha kazi. Waliapa kuilinda katiba, hawakuapa kumlinda mtu.

Na wewe uliyesema wamfukuze kesho asubuhi kabla ya chai, soma Katiba yetu wenyewe kwanza. Mbunge haamki na hasira zake. Taarifa huandikwa, inataja makosa, inasainiwa na wabunge wa kutosha, inakaa kwa Spika siku thelathini kabla ya kikao. Kamati ya uchunguzi inaundwa, na anayeiongoza ni Jaji Mkuu. Rais anapewa nafasi ya kujitetea. Mwisho wake ni theluthi mbili ya wabunge wote. Mnaona ugumu, na mnadhani umewekwa kumficha rais. Umewekwa ili siku akiondolewa, hata aliyempigia kura akubali kwamba ameondolewa kwa haki, asiingie barabarani na panga.

Hofu yangu kubwa ni nyingine. Wabunge ni watu wa vyama, na chama nacho kina sengu yake. Wakikaa pembeni wakakubaliana kumng'oa mtu kabla hajasema, huo ni muhtasari uliopikwa. Wakikaa pembeni wakakubaliana kumlinda kabla ushahidi haujasomwa, huo nao umepikwa, tena kwenye sufuria ile ile. Yohana, siku mtakapoona kura imekwisha kabla ya kikao, msishangilie, hata kama aliyeshindwa ni mtu msiyempenda. Ulizeni daftari liko wapi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshastaafu na kurudi huku, Otmari alishuka kuja kuniona. Alikuwa mzee sasa, amepitia Liuli hospitalini kutazamwa macho. Aliniletea kahawa ya kukaanga mwenyewe na maharage kikapu kizima, na mimi nikampikia mbasa, samaki wetu wa ziwani. Tulipokwisha kula akasema, "Mama Agnesi, ile nakala ya kikao cha pili unayo?"

Nilikuwa nayo sandukuni. Akasema macho yake hayasomi tena, na anataka kusikia kama yote aliyosema yaliandikwa. Nikaketi mlangoni penye mwanga nikaanza kumsomea. Alisikiliza kichwa kikiwa chini, mara anatabasamu, mara anatikisa kichwa. Nilipofika pale anaposema wazee wa kata walikuwa wamelewa, akainua mkono.

"Hapo nilidanganya, mama. Hawakuwa wamelewa. Walikuwa wananikatalia."

Kwa mazoea ya kazi nikamuuliza, "Nipige mstari juu yake?"

"Hapana. Hayo ndiyo niliyosema. Walinisikia, na hawakuniamini. Acha hivyo hivyo."

Nikageuza ukurasa, nikaendelea kumsomea mpaka kwenye kura.